Difu ya Mbele na Meza Safi ya Irente

Gari linaloacha barabara kuu pale Mombo na kushika njia ya Lushoto hupanda takriban mita 1,000 katika mwendo wa kilomita 33 hivi. Lami ipo hadi mjini, ila ni lami ya kona juu ya kona, mwamba mkono mmoja na bonde mkono wa pili. Irente iko kilomita chache kutoka mjini Lushoto. Wageni huenda huko kusimama ukingoni na kuitazama Mazinde na nyika ya Wamaasai iliyotandaa chini, kisha hupitia shamba la kanisa la KKKT kununua jibini na mkate. Wenyeji wanaujua ukingo huohuo kwa hesabu nyingine: kila gunia la karoti, kila mfuko wa saruji na kila mgonjwa wa rufaa lazima apandishwe au ateremshwe.

Ndiyo maana milima hii ya Usambara haijaacha kuzipenda gari za foo-wili, zinazoweza kuvuta kwa magurudumu yote manne. Land Rover ilioneshwa kwa umma mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948, na gari la kwanza la ukoo wa Land Cruiser lilitoka Japani mwaka 1951. Kizazi baada ya kizazi cha magari hayo kimepanda milima hii na serikali, misheni, hospitali na wafanyabiashara wa mboga. Mengi yangali kazini, yakiwa na umri mkubwa kuliko madereva wake: Land Rover za springi za majani, Hilux za muundo wa ekseli nzima ya mbele uliokoma mwaka 1997, na Land Cruiser za mfululizo wa 70, zile watu wanazoziita mkonga. Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha zima la Land Rover, na watu wakajaa barabarani kuzishangilia. Walichoshangilia ni bodi, rangi na mlio wa injini. Kuna kitu kimoja kwenye gari hizo ambacho hakishangiliwi na mtu, hakionekani, na hakikumbukwi mpaka kilie: difu ya mbele.

Difu ya nyuma inafanya kazi kila siku, kwa hiyo ikiumwa inajulikana mapema. Ya mbele hulala. Dereva akifungua habu za mbele, yaani akiziweka huru, krauni na pinioni zake, yaani gia kubwa ya duara na ile ndogo inayoizungusha, hazigeuki kabisa, na gari linaweza kutembea mwezi mzima likiwa na difu mbovu bila mtu kujua. Siku ya mvua ya masika, kwenye utelezi wa udongo mwekundu, dereva anafunga habu, anaingiza foo-wili, na ndipo anasikia mkwaruzo chini ya miguu yake. Hapo yuko nusu ya mlima, amebeba mzigo.

Inafaa kueleza kwanza kilichomo ndani. Gari likikata kona, gurudumu la nje husafiri njia ndefu kuliko la ndani. Kama yote mawili yangefungwa kwenye chuma kimoja, moja lingelazimika kuburuzwa. Difu huyapa magurudumu nguvu na papo hapo huyaruhusu yatofautiane mwendo. Mtu aliyepewa hataza ya mfumo huo kwa ajili ya gari, mwishoni mwa miaka ya 1820, alikuwa Mfaransa Onésiphore Pecqueur, na kazi yake ilikuwa utengenezaji wa saa. Hilo halishangazi. Difu ni donge la chuma lenye uzito wa mtoto mkubwa, limejaa oili nzito na tope limeganda juu yake, lakini ndani yake hukaa kwa vipimo ambavyo fundi saa angevitambua mara moja. Anayeishughulikia kwa nyundo peke yake huizika.

Mlima unasingiziwa mengi. Ukichunguza difu za mbele zinazokufa Usambara, sababu kubwa mbili hazihusiani na mwinuko.

Ya kwanza ni foo-wili iliyoachwa juu ya lami. Land Rover za zamani, Hilux na mkonga nyingi hazina difu ya katikati: foo-wili ikiingia, propela ya mbele na ya nyuma hufungwa pamoja, zigeuke sawasawa. Lakini kwenye kona magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye udongo au kokoto, tairi huteleza kidogo na mvutano unaisha. Kwenye lami kavu tairi haziachii, kwa hiyo mvutano wote hurudi kwenye krosi, kwenye hafushafti na kwenye meno ya difu. Sasa mfikirie dereva aliyetoka kijijini kwenye matope, akafika Lushoto, akasahau kuitoa foo-wili, akateremka hadi Mombo akiwa hivyo hivyo, kona zote zile. Usukani unakuwa mzito, gari linagoma kwenye kona kali, naye anadhani ni tairi hazina upepo.

Sababu ya pili hununuliwa dukani kwa pesa taslimu. Difu iliyotumika huletwa kutoka Dar es Salaam, mtaa wa Gerezani au Ilala, imesafishwa, inang'aa, boliti zinaingia kwenye matundu yake bila shida. Kumbe haikutoka kwenye gari la aina ileile. Toyota hutumia sanduku linalofanana kwa idadi tofauti za meno. Krauni yenye meno 41 na pinioni ya meno 10 inatoa uwiano wa 4.1, krauni ya meno 43 na pinioni ya meno 11 inatoa 3.9. Kwa macho huwezi kuzitenganisha. Ukifunga moja mbele na nyingine nyuma, gari litatembea vizuri kabisa habu zikiwa huru. Siku foo-wili itakapoingia, ekseli moja itataka kwenda haraka kuliko nyingine kwa karibu asilimia 5, barabara ikiwa imenyooka au ina kona. Kitu dhaifu kuliko vyote kitavunjika, na kwa kawaida kitakuwa mbele. Dawa yake haihitaji chombo chochote: ni kuhesabu meno kabla ya kulipa. Muuzaji anayemkataza mnunuzi asihesabu meno, mwache na difu yake. Na tairi za ukubwa tofauti mbele na nyuma huleta ugonjwa uleule, taratibu zaidi.

Yapo pia maji. Ekseli ina kipumulio kidogo juu yake, na kikizibwa na tope, hewa ya ndani inakosa njia. Difu iliyopata moto barabarani ikiingia ghafla kwenye mto wa baridi, hewa ya ndani hunywea na kuvuta maji kupitia kwenye sili. Oili inageuka nyeupe, beringi zinaota kutu zikiwa zimelala, na kipumulio cha bei ndogo kabisa kinakuwa kimeua beringi nne.

Basi gari limelia, na mwenye gari anataka lifanyiwe kazi nyumbani Irente, uani. Inawezekana? Inawezekana, na kwa gari hizi inawezekana kuliko kwa nyingi za kisasa, kwa sababu sanduku la difu lenye krauni na pinioni hutoka zima kwenye ekseli. Kazi inagawanyika yenyewe sehemu mbili: ya tope, inayofanyika chini ya gari, na ya vipimo, inayofanyika mezani. Wengi huharibu kwa kuzichanganya.

Kabla ya spana yoyote, fundi mwenye subira huliendesha gari kwanza. Anafungua habu na kusikiliza. Mlio ukitoweka, ugonjwa uko mbele. Akizifunga tena, kwenye njia ya udongo, anasikiliza wakati wa kukanyaga mafuta na wakati wa kuachia. Mlio unaobadilika kati ya hali hizo mbili huelekeza kwenye meno au beringi za pinioni. Mngurumo usiojali mafuta bali mwendo tu huelekeza kwenye beringi za pembeni au za magurudumu. Mkwaruzo wa kwenye kona peke yake mara nyingi hautoki kwenye difu. Unatoka kwenye jointi iliyo ndani ya tufe la gurudumu, lile la chuma lililo mwishoni mwa ekseli, na aliyefungua difu kwa sababu hiyo amejitwisha kazi ya bure.

Uani pa mlimani ni nadra kuwa bapa, na hili lazima lisemwe kwa uzito. Gari lisimame mahali tambarare kuliko pote, magurudumu ya nyuma yapigwe kabari pande zote mbili, uzito ukae juu ya stendi au magogo mapana yaliyopangwa vizuri. Jeki ni ya kuinulia. Hakuna mtu anayepaswa kulala chini ya gari linaloshikwa na jeki, hata kwa dakika moja ya kuokota nati.

Oili inamwagwa kwenye chombo na kutazamwa. Vumbi laini la kijivu kwenye kizibo ni la kawaida; vipande vinavyoshikika ni meno au beringi. Kisha zinafuata habu, breki, na lile tufe la gurudumu. Kwenye Toyota za ekseli nzima, hapa ndipo penye siri ya kazi ya mbele ambayo nyuma haipo: sili ya ndani ikichoka, oili ya difu huhamia kwenye tufe na kuyeyusha grisi, na uchafu mweusi unaanza kuchirizika nyuma ya gurudumu. Wengi wanapangusa na kuendelea. Difu inapungukiwa oili polepole bila tone lolote kuonekana chini yake. Sili hizo ni za bei ya chini, na kuirudisha ekseli nzima bila kuzibadilisha ni kuharibu kazi kwa makusudi.

Hafushafti zikitoka, propela inafunguliwa kwa kuwekwa alama kwanza, nati za sanduku zinalegezwa, na difu inavutwa nje kwa mikono ya watu wawili. Toka hapo, tope limekwisha. Meza iwe ndani au kibarazani, ioshwe, itandikwe kitambaa safi, kuku wafukuzwe. Irente ina ukungu asubuhi na vumbi jua likiwaka, na beringi mpya haivumilii chochote kati ya hivyo.

Kitu cha kwanza mezani ni alama. Vifuniko viwili vinavyoshika beringi za pembeni vilichongwa pamoja na sanduku lake kiwandani. Cha kulia hakikai kushoto. Fundi anapiga nukta moja upande mmoja na mbili upande wa pili. Kitu cha pili ni namba: krauni na pinioni husagwa pamoja kiwandani kama jozi na hupewa namba moja. Zikiachana, hazifai tena. Anayeuza krauni peke yake, bila pinioni yake, anauza chuma chakavu.

Sasa inakuja kazi yenyewe, na ndiyo inayostahili kuelezwa kwa kirefu. Pinioni lazima ikae kwenye kina chake sahihi kuielekea krauni, na kina hicho hupangwa kwa shimu, visahani vyembamba vya chuma nyuma ya beringi. Beringi zake mbili zinatakiwa kubanana kiasi, zisilegee wala zisikabane. Na kati ya jino na jino inatakiwa plei ndogo mno: kwa difu ya Toyota ya inchi 8, kati ya milimita 0.13 na 0.18. Tofauti ya kipimo cha chini na cha juu ni nusu tu ya unene wa karatasi ya daftari. Hakuna kidole cha fundi, hata awe na miaka 40 kazini, kinachoweza kuihisi tofauti hiyo kwa uhakika. Hapa heshima kwa uzoefu iende pamoja na geji ya saa, ile yenye mshale na mguu wa sumaku. Ni chombo kidogo, na gharama yake haifikii gharama ya jozi moja ya krauni na pinioni. Gereji bubu nyingi hazina. Hilo ndilo pengo kubwa kuliko yote katika kazi hii, kwa kuwa mikono ipo na akili ipo.

Kubana kwa beringi kunapimika hata kwa vifaa vya sokoni. Tuseme kiwango cha beringi mpya za pinioni kwenye kitabu cha gari ni kilo-sentimita 10 hadi 16. Kwa zilizokwisha kutumika ni karibu nusu yake. Fundi anazungusha uzi kwenye shingo ya pinioni, kabla ya kuweka sili na kabla ya krauni kurudi, anaufunga kwenye mizani ndogo ya kuning'iniza na kuvuta polepole. Ikiwa kutoka katikati hadi uzi ulipo ni sentimita 5, mizani inatakiwa kusoma kati ya kilo 2 na kilo 3 na kidogo. Huo ni ufundi wa kweli.

Difu nyingi za Toyota zina bushi inayobonyea kati ya beringi hizo. Nati inakazwa, bushi inajikunja, beringi zinabana. Ikipitishwa kiwango, haifunguki. Kuilegeza nati hakuirudishi. Inatolewa, inawekwa mpya, kazi inaanza upya. Hapo ndipo mazungumzo ya uani hugeuka magumu.

"Fundi, si uilegeze kidogo tu tuondoke? Mzigo wangu unaoza."

"Mzee, nikiilegeza beringi zitacheza, na utanirudia kabla ya gulio lijalo. Nitafutie bushi."

Fundi anayejibu hivyo alipwe siku ya kusubiri pia. Land Rover za zamani zina nafuu hapa: badala ya bushi ya kubonyea hutumia shimu, kwa hiyo unaweza kufungua, kuongeza au kupunguza, ukafunga tena bila kununua kitu. Ni mojawapo ya sababu zinazozifanya ziendelee kuishi vijijini.

Shahidi wa mwisho ni rangi. Fundi anapaka meno machache ya krauni rangi ya mafuta nyembamba, anaizungusha mbele na nyuma huku mwenzake akiizuia kwa kipande cha mbao, kisha anatazama pinioni imegusa wapi. Alama ikikaa katikati ya jino, kazi ni njema. Ikiwa juu kwenye ncha, pinioni iko mbali, inataka shimu nene zaidi. Ikiwa chini kwenye shina la jino, imezama, inataka nyembamba zaidi. Na hapa difu ya mbele ina jambo lake. Katika Land Rover za zamani na Toyota nyingi, ni difu ileile ya nyuma iliyogeuzwa ielekee upande mwingine. Kwa hiyo gari likipanda, meno ya mbele husukumana kwa upande wao dhaifu, ule ambao nyuma hutumika wakati wa kuteremka. Land Cruiser za baadaye ziliondoa kasoro hiyo kwa meno yaliyokatwa kinyume. Kwa gari za zamani, fundi asome alama za pande zote mbili za jino, na aupe upande wa kupandia uangalifu zaidi, maana mlima unausubiri.

Zipo njia za mkato, na zote zinajulikana. Kukata shimu kutoka kwenye kopo. Kupiga nukta kwenye kiti cha beringi kilicholegea ili ibane. Kurudisha bushi iliyokwisha kubonyea na kuikaza kwa bomba refu. Kumwaga oili nzito kupita kiasi ili mlio ufe. Hakuna sababu ya kumcheka anayefanya hivyo. Mara nyingi amebanwa na mteja asiyetaka kulipa wala kungoja. Lakini gari hilohilo litabeba watu kwenye njia zenye bonde upande mmoja, na difu ya mbele ikijikaba ghafla, magurudumu yanayokamatwa ni yaleyale yanayoelekezwa na usukani.

Serikali, kupitia mamlaka ya ufundi stadi, VETA, ina mpango wa urasimishaji ujuzi unaompima na kumpa cheti fundi aliyejifunzia kazini bila kupita darasani. Ni mpango mzuri, na wilaya za milimani zinauhitaji kuliko miji. Ila cheti kikienda bila geji, fundi atarudi uani na makaratasi. Mafundi wa Lushoto, Soni na Mlalo wangeweza kuchangia seti moja ya geji ya saa, maikromita na spana ya kupimia nguvu, ikazunguka kati yao kama vyama vya wakulima vinavyozungusha mashine ya kunyunyizia dawa. Vyombo hivyo havichakai upesi kwa kutumiwa. Huharibika kwa kuangushwa.

Difu ikirudi kwenye ekseli, gasketi mpya, sili mpya, kipumulio kimezibuliwa, hujazwa oili ya gia ya daraja la GL-5, maana meno ya aina hii husuguana kwa kuteleza na oili ya kawaida hukimbia katikati yao. Difu ya mbele ya Land Rover ya zamani haihitaji zaidi ya lita 1.7. Oili chafu iwekwe kwenye galoni lenye kifuniko. Wapo wanaoipaka kwenye nguzo kuzuia mchwa. Kinachopaswa kukomeshwa ni kuimwaga mtaroni, kwa kuwa mitaro ya Irente huishia kwenye vijito ambavyo watu wa chini hunywa maji yake.

Safari ya kwanza ni bila mzigo: njia ya udongo, habu zimefungwa, mwendo wa pole, kisha kusimama na kugusa sanduku kwa kiganja. Joto linalostahimilika ni sawa. Likiufukuza mkono, beringi zimekabwa, na gari lisiende mbele hata hatua moja. Baada ya kilomita 1,000 hivi oili humwagwa tena mapema, ikiwa bado ya moto, ichujwe kwenye kitambaa cheupe. Vumbi laini ni meno yanayozoeana. Vikiwa vipande, difu inarudi mezani, na uchunguzi unaanzia kwenye alama za rangi.